Samaki wa Ziwa Letu na Ugomvi wa Ndani ya Kioo



Wiki chache zilizopita tulikuwa Rohero pamoja na vijana wetu wa madrasa. Tulikwenda kufuatilia karatasi zetu, tukaambiwa tusubiri katika chumba kimoja chenye tangi la samaki la kioo. Sisi wakubwa tuliangalia saa, vijana wakaganda mbele ya kioo. Ndani mlikuwa na samaki kumi na wawili hivi, wa rangi ya chai ya maziwa, mikia yao imegawanyika panda na ncha zake nyembamba kama uzi. Mmoja wao alikuwa amejibanza kwenye kona ya juu, karibu na bomba la hewa, mapezi yamechanika. Kila alipojaribu kushuka, mwenzake alichomoka nyuma ya jiwe akamfukuza mpaka juu.

Kijana wetu mmoja akauliza: "Ustadhi, mbona wanampiga na chakula kipo tele?" Kabla hatujafungua mdomo, kaka yake akamjibu: "Huyo ana hasira ndani yake, lazima azitoe kwa mtu."

Tuliondoka na jibu hilo kichwani, maana si jibu la kitoto. Wataalamu wakubwa wa Ulaya walilitoa jibu hilo hilo, likaandikwa vitabuni, likasomwa dunia nzima. Na samaki mmojawapo waliosaidia kulikosoa ni wa ziwa letu hili la Tanganyika. Ndiyo maana tumeona ni vyema leo tuisimulie historia hii kwa vijana wetu na kwa wazazi wenye tangi nyumbani.

Kwanza, kwa nini samaki wa ziwa na si wa bahari? Ndugu zetu wa Mombasa na Unguja wakitaka samaki wa mwambani nyumbani, maji ya chumvi wanayachota mlangoni. Sisi tuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Maji ya bahari yana chumvi karibu gramu 35 kwa lita, kwa hiyo tangi la lita 200 linataka kilo 7 za chumvi maalumu ya dukani (ile ya jikoni haifai), na kila ukibadilisha maji unaanza hesabu upya. Anayetaka rangi na vituko vya samaki wa bahari hapa Bujumbura, ziwa linampa bila gharama hiyo.

Na ziwa hili limewahi kudhaniwa kuwa ni bahari kweli. Burton na Speke walifika Ujiji mwezi Februari 1858, na Aprili wakapanda mitumbwi mpaka Uvira, ng'ambo yetu hapa. Speke aliokota makombe ya konokono, na yalipochunguzwa London mwaka 1859 wataalamu walishangaa, kwa sababu yalifanana na makombe ya baharini. Mwaka 1883 Mjerumani aitwaye Böhm akamwona ziwani kiwavi wa maji, yule mnyama laini kama mwavuli ambaye watu wa pwani wanamjua kwa kuwasha ngozi. Hapo Mwingereza J.E.S. Moore, aliyefanya safari mbili za utafiti katika miaka ya 1890, akaandika kitabu mwaka 1903 akisema kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale kilichoachwa katikati ya nchi kavu. Alikosea. Safari nyingine ya utafiti, ya Cunnington ya mwaka 1904 na 1905, iliipinga hoja hiyo. Baadaye ikafahamika kwamba konokono wale walipata sura yao humu humu ziwani, katika ziwa lenye umri wa mamilioni ya miaka na kina cha karibu mita 1,470. Moore alibaki na heshima yake hata hivyo, kwani samaki mmoja wa miambani alipewa jina lake mwaka 1898, Tropheus moorii, ambaye tutamrudia.

Lakini kosa la Moore lina chembe ya ukweli ndani yake. Miamba ya kando ya ziwa inafanya kazi ile ile ya miamba ya bahari. Kuna mashimo, kuna mwani unaoota juu ya mawe, na kila shimo na kila kipande cha mwani kina mwenyewe. Jamii ya sikilidi, ukoo wa perege na sato, ina aina zaidi ya 200 humu ziwani, na nyingi kati yao hazipatikani mahali pengine popote duniani. Wengi wanaishi kwa kulinda eneo. Kwa tabia basi, samaki wa miambani wa Tanganyika yuko karibu na samaki wa matumbawe kuliko alivyo karibu na sangala wa humu humu ziwani.

Sasa twende Ulaya. Mwaka 1963 Konrad Lorenz, Mwaustria aliyekuwa akiongoza taasisi ya tabia za wanyama huko Seewiesen, kusini mwa Ujerumani, alitoa kitabu kuhusu uchokozi. Kitabu hicho hakianzi na simba wala na vita. Kinaanza na samaki wa matumbawe, kwanza baharini Florida, kisha ndani ya tangi la maji ya chumvi. Lorenz aliwachanganya samaki wa aina nyingi, akahesabu nani anamuuma nani. Kama wangeumana ovyo, wengi wangewauma wa aina nyingine, kwa kuwa hao ndio waliokuwa wengi. Matokeo yalikuwa kinyume: takriban maumo 85 kati ya 100 yalikuwa kwa samaki wa aina moja na yule anayeuma. Mwenye rangi kama yako ndiye anayekula chakula chako na kulitaka shimo lako. Huyo ndiye adui. Jirani mwenye rangi nyingine anapita salama.

Hilo ni kweli, na kila mwenye tangi la bahari analijua hata kama hajasoma. Lakini Lorenz alikwenda mbali zaidi. Alisema uchokozi unajikusanya ndani ya mnyama kama maji yanavyojaa katika pipa, na usipopata pa kutokea utapasuka wenyewe. Alitoa mfano wa sikilidi waliowekwa wawili wawili, dume na jike, na kioo katikati kuwatenga na majirani. Kioo kilipofunikwa na mwani wasiwaone jirani zao, dume alianza kumwonea mkewe. Kioo kikisafishwa, dume anarudi kugombana na jirani na ndoa inatulia. Kwa Lorenz huo ulikuwa ushahidi kwamba hasira lazima itoke. Kutoka kwa samaki akafika kwa binadamu na vita vyake. Kitabu kikatafsiriwa kwa lugha nyingi, na mwaka 1973 alipata tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili kwa kazi yao ya tabia za wanyama. (Wasomaji wajue pia kwamba mwaka 1938 Lorenz alijiunga na chama cha Hitler.)

Ajabu ni kwamba hoja ya pipa ilikuja kupimwa katika taasisi yake mwenyewe, kwa samaki wa Tanganyika. Samaki huyo aliitwa Haplochromis burtoni, siku hizi anaitwa Astatotilapia burtoni. Haishi miambani, yuko kwenye maji mafupi ya kandokando na kwenye midomo ya mito, pale watoto wetu wanapoogelea. Dume mwenye eneo lake ana mstari mweusi unaoteremka kutoka jichoni na doa la rangi ya chungwa ubavuni. Asiye na eneo anapauka kama jike.

Mwaka 1969 mtafiti aitwaye Leong alitengeneza sanamu za samaki na kuzionyesha nje ya kioo, kisha akahesabu mara ngapi dume anawauma samaki wadogo anaokaa nao. Sanamu yenye mstari mweusi wa jicho ilimwongezea dume ukali. Sanamu yenye doa la chungwa peke yake ilimpunguzia. Yaani dume yule yule, katika tangi lile lile, ukali wake ulipanda au kushuka kwa rangi aliyoonyeshwa.

Kisha Heiligenberg na Kramer, mwaka 1972, wakawaweka madume mbali na macho ya madume wengine kwa muda mrefu. Kama pipa la Lorenz lingekuwa kweli, madume hawa wangejaa hasira mpaka pomoni. Kumbe ukali wao ulipungua kadiri siku zilivyopita. Walipoonyeshwa sanamu ya dume kila siku, ukali ukapanda tena, na sanamu zilipokoma ukashuka taratibu. Kwa samaki huyu hapakuwa na pipa lililojaa. Kilichokuwepo ni kile alichokiona jana na juzi.

Mmarekani Russell Fernald, ambaye naye alifanya kazi Ujerumani katika miaka hiyo, alikuja kaskazini mwa ziwa letu kuwatazama samaki hawa kwao, na mwaka 1977 akachapisha aliyoyaona pamoja na mwenzake. Baadaye, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, yeye na wanafunzi wake walionyesha kwamba dume akinyang'anywa eneo anapoteza mstari wa jicho ndani ya dakika chache, na hata sehemu ya ubongo inayotawala uzazi inabadilika ukubwa kwa kufuata cheo chake. Mwaka 2007 wakaeleza pia kwamba dume akiwatazama wengine wakipigana nyuma ya kioo, anaweza kukisia nani ni mnyonge kuliko nani, hata kwa wawili ambao hakuwaona wakikutana. Mwaka 2014 chembe za urithi za samaki huyu zilisomwa zote, pamoja na za samaki mwingine wa Tanganyika. Huyo mwingine ndiye yule tuliyemwona Rohero.

Jina lake la kitaalamu ni Neolamprologus brichardi, na wafugaji wa Ulaya humwita binti mfalme wa Burundi. Jina la brichardi limetokana na Pierre Brichard, Mbelgiji aliyehamia Bujumbura mwanzoni mwa miaka ya 1970 baada ya kusafirisha samaki wa mapambo kutoka Kongo. Kutoka hapa aliwapeleka samaki wa miambani kwa ndege mpaka Ulaya na Marekani, na akaandika vitabu viwili vikubwa, mwaka 1978 na 1989. Tunasikitika kidogo kwamba mtu wa Ujerumani anaweza kumtambua samaki wa Burundi kwa jina na sisi tukampita sokoni tukitafuta mukeke na ndagala. Lakini hiyo ni habari nyingine.

Wafugaji wa ng'ambo waliopokea masanduku hayo waliingia hasara kwanza. Tropheus walikuwa ghali, na mtu akinunua wanne akawaweka pamoja, baada ya miezi michache alibaki na mmoja. Mkubwa alimuua wa pili, kisha wa tatu, mpaka akabaki peke yake. Waliofikiri kwa njia ya pipa walisema samaki huyu ni mwovu wa kuzaliwa. Wengine wakajaribu jambo lililoonekana la kichaa: badala ya wanne wakaweka kumi na wawili, ishirini, katika tangi refu. Mauaji yakapungua sana. Mkali hakupata nafasi ya kumfuata mmoja siku nzima, kwa kuwa kila alipogeuka palikuwa na mwingine, na mapigo yakagawanyika kwa wengi. Samaki ni yule yule. Kilichobadilika ni idadi na mpangilio.

Hapa tuseme na familia zenye matangi, pamoja na jamaa zetu wa Maskati na Dubai wanaofuga samaki wa bahari. Tangu filamu ya Nemo ya mwaka 2003 kila mtoto anamtaka yule samaki wa michirizi ya machungwa na meupe. Chukua wawili wadogo, si watano. Wawili watapangana wenyewe, mkubwa akawa jike na mdogo akabaki dume. Wa tatu hana nafasi, atapigwa. Kangaja, yule mwenye kisu pande mbili za shina la mkia, usiweke wawili wenye umbo moja katika tangi dogo. Wale vijisamaki vya buluu ambavyo wauzaji husema ni vigumu kufa, ni kweli ni vigumu kufa, lakini ukivitanguliza vitaligawana tangi lote na kila mgeni atakayekuja baadaye atakuwa mvamizi. Mpole atangulie, mkali awe wa mwisho.

Na siku ya kumleta mgeni, hamisha mawe. Tumeona watu wakilipuuza hili, nalo ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Samaki analinda ramani aliyoizoea, na ukiivuruga, wenyeji nao wanakuwa wageni kwa saa kadhaa, wanashughulika kutafuta mashimo badala ya kumtafuta mtu wa kumpiga. Zima taa. Walishe kwanza. Ukiweza, mweke mgeni ndani ya chombo cha plastiki kilichotobolewa matundu, humo humo tangini, siku tatu nne, waonane bila kugusana. Mkali akizidi, mtoe yeye na si anayepigwa, umweke pembeni wiki moja au mbili. Akirudi atakuta nafasi yake imechukuliwa na yeye ndiye mgeni.

Kanuni hiyo ya mwisho sisi wenyewe tuliijua kwa kuharibu. Madrasa yetu ilikuwa na tangi la lita 150 lenye familia moja ya brichardi. Samaki hawa wana desturi nzuri: watoto wakikua hawaondoki mara moja, wanabaki kuwalinda wadogo zao na kusafisha shimo la wazazi. Vijana wetu walipenda sana kutazama. Mmoja wa wale walinzi alipata kidonda, tukamtenga kwenye beseni karibu wiki tatu, akapona. Tukamrudisha jioni, bila kuhamisha jiwe hata moja, tukiwa na furaha kwamba ndugu amerejea nyumbani. Asubuhi tulimkuta amekufa. Waliomuua ni wazazi wake na ndugu zake. Kwao nafasi yake ilishajazwa. Kosa lilikuwa letu, na mtoto aliyekuwa akimpa chakula beseniini alilia mpaka tukakosa la kumwambia.

Sasa turudi kwa jibu la kijana wetu, kwamba hasira iko ndani na lazima itoke. Sisi watu wa Bujumbura hatuwezi kulisikia kama neno la samaki tu. Baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye mwezi Oktoba 1993, mitaa ya mji huu ilianza kutengana, na kufikia mwaka 1995 Kamenge ilikuwa ya kundi moja na Ngagara ya jingine. Magazeti ya nje yaliandika kuhusu chuki za kale zilizolipuka, kana kwamba ni pipa lililojaa. Lakini katika mji huo huo, miaka hiyo hiyo, Buyenzi ilibaki mtaa wa mchanganyiko, watu wa makundi yote wakishiriki uchochoro mmoja na bomba moja la maji. Kama hasira ilikuwa ndani ya damu, damu ya Buyenzi ilikuwa na nini? Mwaka 1986 wanasayansi wa nchi mbalimbali walikutana Seville, Hispania, wakatoa tamko kwamba si sahihi kisayansi kusema binadamu amerithi vita kutoka kwa wanyama, na UNESCO ikalipokea mwaka 1989. Hatusemi binadamu ni samaki. Lorenz ndiye aliyeanza mlinganisho huo, na samaki wake mwenyewe walimkatalia.

Tulimweleza kijana haya kwa ufupi, kwa kadiri ya umri wake, siku ile ile njiani. Akafikiri kidogo akauliza: "Kwa hiyo yule wa Rohero angehamishiwa mawe, angepona?" Tukamwambia huenda, ila katika tangi la namna ile, lenye familia iliyoshajipanga, ni salama zaidi kumtoa.

Wiki iliyofuata tulirudi kuchukua karatasi. Kijana alikwenda moja kwa moja kwa mhudumu wa pale akamweleza habari ya mawe na ya kumtoa anayepigwa, bila hata kutungoja sisi tusalimie. Mhudumu akacheka, akamwambia samaki yule yuko jikoni kwenye ndoo tangu Ijumaa, anakula mkate.

"Mkate si mzuri kwake," kijana akasema, na wakaenda wote wawili jikoni kumtazama.